Ndovu Wenu Wamefika



Katika likizo iliyopita tuliwachukua watoto wetu tukavuka nao feri ya Likoni, tukapanda matatu hadi Kombani, na kutoka hapo tukaelekea Kwale kwa mama yetu, ambaye shamba lake liko upande wa Mkongani, karibu na msitu wa Shimba. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, kulisikika mvunjiko wa matawi ng'ambo ya kijito, kisha sauti nzito iliyofanya sahani kimya. Mtoto mmoja, ambaye wiki ile alikuwa amemaliza kuhifadhi Suratul Fil, aliuliza kwa kunong'ona: "Bibi, huyu ndiye ndovu wa Abraha?"

Mama alicheka. "Wa Abraha alikwisha zamani, baba. Huyu ni wa Shimba. Na mahindi yangu anayajua kuliko unavyoyajua wewe."

Watoto walilala. Sisi tulikaa barazani hadi usiku mkubwa, tukazungumza jambo ambalo kwa miaka ishirini tumekuwa tukilikwepa. Tumeona tuliandike hapa, kwa sababu wasomaji wengi wa jarida hili wanaishi bara kama sisi, Likoni, Kisauni na Changamwe, lakini wana mama, shangazi au mashamba upande wa Kwale, Kilifi na Taita. Jambo hili linatuhusu sote, hata kama ndovu tunamwona mara moja tu kwa mwaka.

Tumezaliwa wanawake wanne. Watatu tumeolewa hapa bara ya Mombasa, na dada yetu mkubwa aliolewa Voi. Shamba lilikuwa la bibi yetu mzaa mama. Tulipokuwa wadogo, msimu wa mahindi haukuwa msimu wa furaha peke yake. Wanaume walilala juu ya dungu wakiwa na tochi na fimbo, na wanawake walibaki chini na madebe ya kupigwa na moto wa kuchochewa. Ndovu aliposhuka, kijiji kizima kiliamka. Kulipopambazuka, bibi alikwenda kuhesabu: migomba mingapi imelala, mihogo mingapi imeng'olewa, minazi michanga mingapi imekanyagwa. Tulifundishwa kwamba Muislamu apandaye mti, kisha akala katika mti huo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Bibi aliyaamini hayo kwa moyo wake wote. Kwa ndege alikuwa akitabasamu. Kwa ndovu alikuwa akilia, kisha akifuta machozi na kusema alhamdulillahi.

(Tunasema ndovu, wala hatusemi tembo. Kwetu sisi watu wa pwani tembo ni pombe ya mnazi, na jarida hili si mahali pake.)

Mwaka 2005 ndipo mambo yalipobadilika. Hifadhi ya Shimba Hills ni eneo dogo, na ndovu walikuwa wamezidi. Msitu uliumia, na mashamba yaliyouzunguka yaliumia zaidi. Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, likaazimia kuwahamisha ndovu 400 kutoka Shimba na hifadhi jirani ya Mwaluganje, kuwapeleka Tsavo Mashariki, kiasi cha kilomita 160. Sababu ya kuchagua Tsavo ilikuwa na mantiki. Ile ilikuwa nchi ya ndovu tangu zamani. Ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ujangili uliofuata, uliwaangamiza kwa maelfu, na hata baada ya Rais Moi kuchoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na biashara ya pembe kupigwa marufuku duniani, sehemu kubwa za mbuga ile zilibaki bila ndovu wa kutosha. Kwa hiyo hesabu ilionekana nyepesi: huku wamezidi, kule wamepungua.

Kazi ilianza mwishoni mwa Agosti. Helikopta iliruka chini juu ya miti, daktari akapiga sindano ya usingizi kwa bunduki, na ndovu akaanguka polepole kama nyumba inayokaa chini. Kisha alifungwa miguu kwa mikanda, akainuliwa kwa winchi kichwa kikiwa chini, akawekwa juu ya lori. Majike walichukuliwa pamoja na watoto wao, ili familia zisitengane. Bibi alipopata habari za ndovu jike kusafirishwa na wanawe, alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo wamefanya ubinadamu." Kisha akaendelea kupepeta mchele.

Hawakufika 400. Waliohamishwa walikuwa takriban 150. Lakini kwetu sisi hata hao walitosha kwa shukurani. Msimu uliofuata bibi alivuna. Tulisomewa maulidi nyumbani, tukapika pilau, na kila aliyeingia uani alisema Mwenyezi Mungu amewaondolea dhiki.

Mwaka 2006 tulikwenda Voi kumwona dada yetu aliyekuwa amejifungua. Tulibeba vikapu vya mahindi mabichi ya shamba la bibi, tukiwa na fahari nayo. Mama mkwe wake, mwanamke mpole ambaye hatujapata kumsikia akimnyanyulia mtu sauti, alipokea kikapu, akayatazama yale mahindi, akasema: "Mashallah. Sisi mwaka huu hatukupata. Ndovu wenu wamefika."

Alisema kwa mzaha, na wote tukacheka. Lakini mzaha ule haukutoka kifuani mwetu. Hakuna ambaye angeweza kujua kama ndovu aliyekula shamba la mama yule alitoka Shimba au alizaliwa Tsavo. Ndovu hana kitambulisho, na Tsavo ilikuwa na wake wengi tu. Hata hivyo neno "wenu" lilikuwa na haki yake. Sisi tuliombewa dua ya kuondolewa dhiki, na hatukuuliza hata siku moja dhiki ile imepelekwa wapi. Tuliishukuru neema bila kumfikiria jirani aliyekaa upande wa pili wa neema ile. Na je, wenzetu wa kule waliulizwa? Walitayarishwa? Mama mkwe yule alitujibu kwa maneno machache: baraza iliitishwa, wanaume wakaenda, wakarudi wakasema ndovu wanakuja. Anayechota maji alfajiri, anayekata kuni na anayelala shambani mwezi wa mavuno hakuitwa.

Tangu siku ile tumekuwa wasomaji wa habari za wanyama, jambo ambalo waume zetu huliona la ajabu kidogo. Tumejifunza kwamba kumrudisha mnyama katika nchi aliyoipoteza ni kazi inayofanyika sasa mahali pengi, na kwamba lori na sindano ndiyo sehemu yake nyepesi.

Watafiti waliowafuatilia wale ndovu wa Shimba kwa muda wa mwaka mmoja walikuta kwamba waliohamishwa walikuwa na afya duni kuliko wenyeji wa Tsavo, na kwamba kwa uwiano walikufa wengi zaidi. Wengine hawakukaa pale walipoteremshwa. Mwanzoni walishikamana wao kwa wao, kisha, kadiri walivyoizoea nchi, wakaanza kuchanganyika na wenyeji. Tuliposoma hayo hatukuweza kuacha kumkumbuka dada yetu mwaka wake wa kwanza Voi: alivyokonda, alivyotafuta watu wa Mombasa pekee wa kuzungumza nao, na jinsi nyumba ilivyomkubali pole pole. Ugeni ni mtihani kwa kila kiumbe chenye roho.

Mwaka 2018 tulipata funzo la uchungu zaidi. Vifaru weusi 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Maji waliyowekewa yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Kila walipokunywa kiu ilizidi, na kiu ilipozidi walikunywa tena. Waziri wa wakati ule, Najib Balala, ni mwana wa Mombasa hii hii, na habari ile ilizungumzwa katika baraza zetu zote kwa wiki nyingi. Sisi tulijiuliza swali la kike: nani alionja yale maji kabla ya mgeni kufika? Mwanamke yeyote anayetarajia mgeni huonja maji ya mtungi kwanza.

Lakini yako pia mazuri, na si haki kuyaficha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vifaru weusi 21 walipelekwa Loisaba, Laikipia, mahali ambapo kifaru alikuwa hajaonekana kwa nusu karne. Mwezi wa Februari 2025 bongo 17, wale paa wakubwa wa milimani wenye michirizi myeupe, walirudishwa Kenya kwa ndege kutoka Florida, Marekani, wazae na siku moja vizazi vyao viachiwe katika misitu ya Mlima Kenya walikotolewa babu zao. Na ndovu wa Tsavo wameongezeka. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilipata ndovu zaidi ya 36,000 nchini kote, na kundi kubwa kuliko yote ni la Tsavo.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Kila idadi inayofurahisha mjini ni mguu mmoja zaidi shambani mwa mtu. Aisifuye mvua imemnyea. Wengi wanaosifu ndovu hawajanyewa.

Sisi tumenyewa. Mwaka 2015 mjomba wetu, mdogo wake mama, alitoka nyumbani kwenda msikitini kwa sala ya Alfajiri. Kulikuwa na ukungu. Ndovu alikuwa njiani akitoka mashambani kurudi msituni, na wala hapana aliyemkusudia mwenziwe. Tulimzika mjomba adhuhuri ya siku ile ile. Mwenyezi Mungu amrehemu na aijaalie safari yake ya mwisho kuwa safari ya ibada.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama. Mkewe mjomba alikuwa na watoto wanne. Ofisi aliyotakiwa kupeleka karatasi ilimtaka afike mwenyewe, naye alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Tulieleza. Tukaambiwa faili haliwezi kusubiri. Akaenda shemeji, akarudishwa kwa sahihi moja. Akaenda tena, akarudishwa kwa picha. Alipomaliza eda alikwenda mwenyewe, na ameendelea kwenda. Hadi tunapoandika haya hajapata hata senti. Hatusemi haya kwa kulalamikia kadari ya Mola wetu. Ajali ile ni ya kadari. Kucheleweshwa kwa haki ya mayatima ni kazi ya mikono ya watu.

Baada ya msiba ule sisi watatu tulikuwa na rai moja: mama auze shamba, aje Likoni au Kisauni, akae na wajukuu. Mama alikataa, na sababu aliyotupa ndiyo iliyotufanya tuketi barazani usiku ule wa likizo. Aliuliza: "Nyinyi huko mjini mnatawadha kwa maji ya wapi?"

Tulinyamaza, kisha tukahesabu. Chemchemi za Marere, zilizo ndani ya misitu ile ile ya Shimba, huchangia maji ya Mombasa. Yanayoingia kwa upande wa Mazeras na Changamwe hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Yanayofika Kisauni hutoka visima vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki, na Sabaki kabla ya kufika huko hupita Tsavo Mashariki ukiitwa Galana. Kumbe, siku bomba linapotoa maji, udhu wetu unatoka katika nchi ya ndovu. Tumekuwa tukinywa kwao muda wote huu, huku tukiuliza wao wanatafuta nini kwetu.

"Msitu ukiisha, ndovu ataondoka," mama akasema, "na maji yataondoka. Mtauza shamba, mtanunua maji ya mikokoteni."

Akatukumbusha kisa cha ngamia wa Nabii Swaleh, alayhi salaam. Kaumu ya Thamudi iliteremshiwa ngamia jike kuwa ishara. Haikuambiwa ihame, wala ngamia hakuachiwa maji yote. Ngamia aliwekewa siku yake ya kunywa, na watu wakawekewa siku yao, na wakaonywa wasimguse kwa ubaya. Wakamchinja, na yaliyowafika yanajulikana. Ngamia yule alikuwa muujiza, na sisi hatumfananishi na mnyama wa leo. Lakini mama, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Qur'ani, aliona ndani ya kisa kile mambo matatu: watu waliambiwa mapema, kila upande ulijua zamu yake, na wajibu uliwekwa wazi. "Sisi hapa," akasema, "hatukuambiwa zamu. Kila mtu anakunywa siku zote, kisha tunashangaa tukikutana kisimani."

Tukajaribu usiku ule kuandika, kwa lugha ya nyumbani, nini tungetaka kifanyike kabla mnyama hajapelekwa au kurudishwa karibu na watu. Kwanza, mashauriano ya kweli, na wanawake wawemo, kwa saa ambazo mama wa nyumba anaweza kufika. Pili, fidia isiyomwadhibu mjane, na karatasi zinazoheshimu eda. Tatu, njia za ndovu zijulikane na ziachwe wazi. Mtu asiuziwe kiwanja juu ya njia ambayo ndovu anaipita tangu enzi za babu zake. Nne, faida ifike kwa anayebeba mzigo. Wakulima wa Mwaluganje walifanya jambo kubwa mwaka 1995, walipounganisha mashamba yao yakawa hifadhi ili wagawane kiingilio cha watalii. Wakafika hata kutengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu. Haikuwatajirisha, lakini walikuwa washirika, na mshirika huvumilia ambayo mtazamaji hayavumilii.

Na tano, ujuzi. Dada yetu wa Voi ndiye aliyetuletea habari hii. Huko Sagalla, karibu na kwao, wakulima walizungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga yote hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu, kwa ukubwa wake wote, huwakimbia. Watafiti waliohesabu kwa miaka walikuta kwamba ndovu wengi wanaokaribia uzio ule, kiasi cha 8 kati ya 10, hawaingii. Mkulima hubaki na mahindi, na asali juu. Nyuki wametajwa katika Qur'ani na sura ina jina lao, ndovu vilevile. Mama alifurahi mno kusikia kwamba viumbe hawa wawili wameweza kupatana bila ya mtu kushika bunduki.

Dada anaongeza onyo, naye anaishi nayo: mwaka wa ukame nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi mtu. Kwa hiyo wenziwe hupanda pia ufuta na pilipili, vitu ambavyo ndovu havimvutii, na mahindi huyaweka karibu na nyumba. Hakuna dawa moja.

Tuliyoafikiana ni haya. Shamba halitauzwa. Sisi wanne tumechanga, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na mama amepata mizinga kumi ya mwanzo. Upande unaopakana na msitu hatapanda mahindi tena, atapanda ufuta. Mke wa mjomba ndiye atakayeitunza mizinga, na asali nusu ni yake na ya mayatima, fidia ije isije. Na faili lake, mmoja wetu ataambatana naye kila mwezi hadi lifunguke, kwa kuwa tumegundua kwamba mwanamke akiingia ofisini na mwenziwe mwenye kalamu husikilizwa zaidi.

Kwa mama zetu na dada zetu mnaosoma: likizo ijayo wapelekeni watoto Bamburi, katika bustani ya Haller. Wengi wetu wa Kisauni tumepita pale maisha yetu yote. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe lisiloota kitu, hadi mwaka 1971 alipoanza Rene Haller kupanda mivinje, akaleta majongoo wale majani yake makavu yawe udongo. Leo kuna msitu, na ndani yake twiga na viboko. Ndipo pia alipolelewa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee kama mamaye. Waonyesheni watoto kwamba ardhi iliyokufa huhuika kwa idhini ya Mola wake, na kwamba mgeni hupokewa vizuri pale tu mwenyeji alipojiandaa.

Asubuhi ya kuondoka, mtoto wetu yule alikwenda na bibi yake kuangalia nyayo kando ya kijito. Aliweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja, akazunguka, na bado nafasi ikabaki. Akauliza kama ndovu atarudi. "Inshallah," mama akasema, "lakini tutakuwa tumejitayarisha."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi aliyotukabidhi, amrehemu mjomba wetu na maiti wote wa Kiislamu, na asitufanye kuwa watu wanaoshukuru kwa kuondolewa dhiki bila kuuliza imemfikia nani. Amin.

Wabillahi tawfiq.